Kwa nini akina mama wengi Eldoret hawajitokezi kupimwa saratani ya matiti

KILA Oktoba inapowadia, utepe wa rangi ya waridi huonekana vifuani mwa wahudumu wa afya, katika benki na katika ofisi za umma mjini Eldoret. Mahema husimamishwa, vipaza sauti hutangaza kwamba uchunguzi wa saratani ya matiti hautozwi ada, na wauguzi huketi wakiwasubiri akina mama. Wapo wanaokuja, tena kwa hamu. Lakini wapo wengi zaidi wanaopita njia wakielekea sokoni, kwenye steji ya matatu au shambani, na siku ya uchunguzi huisha bila wao.

Jibu ambalo limezoeleka ni kwamba wanawake hawana habari, au kwamba wanapuuza afya yao. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Uamuzi wa mwanamke kwenda kupimwa au kutokwenda hutokana na mambo mengi yaliyofumana: anachokijua kuhusu maradhi, anachokiogopa, nauli iliyo mkononi mwake, kauli ya mumewe, muuguzi aliyempokea mara ya mwisho na, zaidi ya yote, kile anachoamini kitamfika iwapo ataambiwa kwamba ana uvimbe.

Hesabu inayotisha

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), Kenya ilipata visa vipya 44,726 vya saratani za aina zote mwaka wa 2022, na watu 29,317 wakaaga dunia kutokana na maradhi hayo. Saratani ya matiti ndiyo iliyoongoza kwa visa vipya, ikiwa na 7,243. Waliofariki kutokana nayo walikuwa 3,398. Kwa maneno mengine, kwa kila wagonjwa wawili wapya waliogunduliwa mwaka huo, kulikuwa na karibu kifo kimoja.

Si lazima iwe hivyo. WHO inaeleza kwamba katika nchi zenye mapato ya juu, zaidi ya asilimia 90 ya wanawake wanaogunduliwa kuwa na saratani ya matiti huishi kwa angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa. Nchini Afrika Kusini kiwango hicho ni asilimia 40. Maradhi ni yale yale. Kinachotofautiana ni wakati yanapogunduliwa na jinsi mgonjwa anavyotibiwa baada ya hapo.

Madaktari huigawa saratani ya matiti katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza na ya pili, uvimbe ungali mdogo na haujasambaa mbali. Mara nyingi huweza kuondolewa, na mgonjwa akaendelea na maisha yake. Katika hatua ya nne, saratani huwa tayari imefika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na lengo la matibabu huwa ni kurefusha maisha na kupunguza maumivu. Nchini Kenya wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Utafiti wa kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya uliofanywa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba takriban robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kujichunguza matiti wenyewe, ilhali waliowahi kuchunguzwa na mhudumu wa afya hawakufika hata mmoja kwa kila watano. Wasomi waliozichambua upya takwimu hizo katika ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2020 waligundua kwamba waliokuwa na bima ya afya, elimu zaidi na mazoea ya kufuatilia vyombo vya habari ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupimwa. Maskini na wasio na bima walibaki nyuma.

Jiji lenye hospitali kubwa

Eldoret ni mahali panapolifanya suala hili kuwa gumu zaidi kueleweka, kwa sababu si mji usio na huduma. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), iliyoanza mwaka wa 1917 ikiwa hospitali ndogo, hii leo ndiyo tegemeo la Kaskazini mwa Bonde la Ufa na eneo zima la magharibi mwa nchi. Wagonjwa wengine huvuka mpaka kutoka mashariki mwa Uganda na kutoka Sudan Kusini kuifuata.

Chuo Kikuu cha Moi kina kitivo cha tiba papo hapo. Sajili ya Saratani ya Eldoret, inayokusanya kumbukumbu za wagonjwa wa eneo hili, ilianzishwa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2001 MTRH na Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, waliunda mpango wa AMPATH ili kukabiliana na Ukimwi. Baadaye mpango huo ulipanuka na kushughulikia magonjwa sugu, ikiwemo saratani, na jengo la Chandaria la matibabu ya saratani na magonjwa sugu likajengwa katika uwanja wa hospitali hiyo.

Eldoret ilipandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024. Lakini hadhi ya jiji haifuti umbali. Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186 katika sensa ya 2019, na zaidi ya nusu yao waliishi nje ya mji wa Eldoret: Ziwa, Moiben, Turbo, Kesses, Burnt Forest na vijiji vilivyo kati ya mashamba ya mahindi na ngano. Kwa mkazi wa huko, jengo la hospitali linaweza kuwa karibu katika ramani na likawa mbali sana katika maisha.

Tangu 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na AMPATH wamechapisha matokeo ya tafiti walizofanya magharibi mwa Kenya kuhusu vizuizi vya uchunguzi wa saratani ya matiti na jinsi wananchi wa kawaida wanavyoyaelewa maradhi hayo. Picha inayojitokeza ni kwamba hakuna kizuizi kimoja. Kuna vinavyotokana na mtu binafsi, vinavyotokana na jamii na vinavyotokana na hospitali zenyewe.

Kupimwa kabla ya kuugua

Kizuizi cha kwanza ni dhana yenyewe. Kwa watu wengi, hospitali ni mahali pa mgonjwa. Mtu huenda huko akiwa na homa, jeraha au uchungu wa kujifungua. Uchunguzi wa saratani humtaka mtu asiyeumwa popote aache kazi zake, apange foleni na avue nguo ili atafutiwe ugonjwa ambao huenda hana. Kwa mama aliye na watoto wa kulisha, ombi hilo halina mantiki mpaka aelezwe vizuri.

Jambo linalozidisha ugumu ni kwamba saratani ya matiti haianzi kwa maumivu. Uvimbe wake wa awali mara nyingi hauumi kabisa. Mwanamke anaweza kuuhisi anapooga, akaubonyeza, akaona hauna uchungu, akauacha. Miezi hupita. Unapoanza kuuma, ngozi kuvutika au kidonda kutokea, maradhi huwa yamekwisha kupiga hatua.

Wapo pia wanaoamini kwamba maradhi haya ni ya ukoo fulani, na kwa kuwa hakuna aliyeugua kwao, wao wako salama. Ukweli ni kwamba saratani zinazotokana na kurithi chembe za urithi zenye kasoro ni takriban asilimia 5 hadi 10 tu. WHO inasema kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawana jambo lolote linalowatia hatarini ila kwamba wao ni wanawake na wametimu umri wa miaka 40. Hata wanaume hawakusalimika kabisa, kwani kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya visa vyote huwapata wao.

Hofu ya jibu

Kuna wanawake wasiokwenda kupimwa kwa kukosa habari, na kuna wasiokwenda kwa kuwa na habari nyingi za kutisha. Wamewaona jirani, shangazi au mwalimu mwenzao aliyekwenda hospitalini, akakatwa titi, akapoteza nywele, kisha akafariki. Wanachokijua kuhusu saratani wamekijifunza matangani. Kwa macho yao, aliyekwenda hospitalini ndiye aliyekufa.

Hawajui, na si rahisi wajue, kwamba jirani huyo alifika akiwa amechelewa. Waliogunduliwa mapema wakapona hawaonekani, kwa kuwa wengi wao hunyamaza. Hivyo mauti yana mashahidi wengi na kupona hakuna wa kukusimulia. Hali hiyo ndiyo inayozaa kauli kwamba ni heri kutojua, kwa kuwa ukishajua ndipo unapoanza kufa.

Julai 2019, wakati taifa lilipompoteza aliyekuwa afisa mkuu wa Safaricom Bob Collymore, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso katika mwezi mmoja, saratani ilizungumzwa kila mahali, kuanzia bungeni hadi kwenye matatu. Mjadala huo uliwazindua wengi. Lakini vilevile uliacha funzo la kukatisha tamaa: kama wenye uwezo wa kutibiwa ng'ambo hawakunusurika, mnyonge atawezaje?

Pamoja na hofu hiyo kuna uvumi. Husemwa kwamba mashine ya kupiga picha ya matiti ndiyo inayoleta saratani, kwamba uvimbe ukidungwa sindano au kuguswa na kisu husambaa upesi, na kwamba kuweka simu au pesa ndani ya sidiria husababisha maradhi. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba simu au pesa za kifuani husababisha saratani ya matiti. Mnururisho unaotumika katika picha ya matiti, yaani mamogramu, ni wa kiwango kidogo sana. Na kuchukua kipande cha uvimbe kwa sindano ndiyo njia ya kuhakikisha iwapo ni saratani au la, kwani picha na mkono wa daktari peke yake haviwezi kutoa hukumu ya mwisho.

Jambo moja halitangazwi vya kutosha katika kampeni: uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Wanawake wengi wanaoitwa kwa uchunguzi zaidi hurudi nyumbani na habari njema. Mwanamke asiyelijua hilo hudhani kwamba kuambiwa arudi kwa vipimo vingine ni sawa na kusomewa hukumu, naye haonekani tena.

Mume, kanisa na mganga

Titi si kiungo kama vingine. Ndilo alama ya umama na ya ujana, na kulipoteza ni jambo ambalo wanawake wengi huliona kuwa sawa na kuipoteza ndoa. Hofu ya kuachwa au kuletewa mke mwenza ni ya kweli katika nyumba nyingi, nayo humfanya mama aufiche uvimbe hata kwa yule anayelala naye kitanda kimoja. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna pia suala la nani huamua. Katika familia nyingi za mashambani, pesa za mahindi na za maziwa hupitia mkononi mwa mume. Mama anaweza kuamua peke yake kwenda zahanati iliyo jirani kwa miguu, lakini safari ya Eldoret inayohitaji nauli, ada na siku nzima nje ya nyumba huhitaji ruhusa. Mume asiyeelewa kwa nini mtu mzima wa afya apelekwe hospitali atauliza swali ambalo mkewe huenda hana jibu lake. Kampeni zinazowalenga akina mama peke yao humwachia mwanamke kazi ya kuwa mwalimu wa mumewe.

Baadhi ya wanawake huanza kwa mganga wa mitishamba au kwa maombi. Si lazima imani iwe adui wa tiba. Makanisa ya Eldoret na viunga vyake hukusanya wanawake wengi kila Jumapili kuliko kliniki yoyote, na mhubiri anayetangaza siku ya uchunguzi madhabahuni huweza kuleta watu ambao bango halikuwafikia. Hatari ipo pale mgonjwa anapoambiwa aache dawa, au anapopoteza miezi sita akipakwa majani huku uvimbe ukikua.

Nauli, foleni na msimu wa mavuno

Uchunguzi wa bure si bure kabisa. Mama kutoka kijijini hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hukosa kipato cha siku hiyo, na hulazimika kumtafuta mtu wa kukaa na watoto na kukamua ng'ombe jioni. Muuzaji mboga sokoni akifunga meza yake kwa siku moja, mboga huharibika na mteja huhamia kwa mwingine. Kwake, foleni ya saa nne ina bei, hata kama haikuandikwa popote.

Hapa ndipo kalenda ya dunia inapogongana na kalenda ya shamba. Oktoba, mwezi wa kimataifa wa kuhamasisha watu kuhusu saratani ya matiti, ndio mwezi ambao uvunaji wa mahindi huanza kushika kasi Uasin Gishu na kaunti jirani ya Trans Nzoia. Mahindi hukatwa, hukusanywa, hupukuchuliwa na kuanikwa kabla ya mvua kuyaharibu, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Kumwita mkulima wakati huo na kisha kumlaumu kwa kutokuja ni kutomtendea haki. Mialiko ingeweza kurudiwa katika miezi ambayo shamba limetulia, kama vile Januari na Februari, kabla ya matayarisho ya upanzi kupamba moto.

Nazo hospitali zina sehemu yao ya lawama. Mwanamke aliyewahi kukaripiwa na muuguzi, aliyechunguzwa chumbani mlango ukiwa wazi, au aliyetakiwa kumvulia nguo mhudumu wa kiume bila kuelezwa lolote, hukumbuka. Wengine walifika wakakuta mashine haifanyi kazi au mtaalamu hayupo. Chini ya mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza mwaka wa 2015, serikali ya kitaifa ilipeleka mashine, zikiwemo za mamogramu, katika hospitali mbili kwa kila kaunti. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza mpango huo mwaka wa 2020, ilibainika kwamba baadhi ya vifaa nchini vilikuwa vimekaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au vyumba vinavyofaa.

Migomo nayo imeacha makovu. Madaktari waligoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, wauguzi wakafuata kwa miezi mitano mwaka huo huo, na mwaka wa 2024 madaktari wakagoma tena kwa karibu miezi miwili. Bila kujali nani alikuwa na haki, mgonjwa aliyerudishwa langoni mara moja hufikiri mara mbili kabla ya kurejea.

Kilicho nyuma ya mlango

Juu ya yote hayo kuna swali linaloamua mengi: nikipatikana nayo, nani atalipa? Mwanamke anayekataa kupimwa kwa sababu hana pesa za matibabu si mjinga. Amepiga hesabu. Ameona familia zikiuza ng'ombe, kisha shamba, kisha zikiitisha harambee, na mwishowe mgonjwa akafariki na madeni yakabaki. Kwa mtazamo wake, kutojua kunawalinda watoto wake dhidi ya ufukara.

Hesabu hiyo imeanza kubadilika, ingawa polepole. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) ilifungwa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi yake Oktoba 1, 2024. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao, na kiwango cha chini cha mchango ni Sh300 kwa mwezi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zinagharimiwa na hazina ya afya ya msingi kwa aliyejisajili, na matibabu ya saratani yana fungu lake maalumu, ingawa lina kikomo kwa mwaka.

Aidha, mwaka wa 2025 serikali ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche yaliyoshusha bei ya dawa ya Herceptin kutoka Sh120,000 kwa awamu moja hadi Sh40,000, ambazo hulipwa na SHA. Dawa hiyo huwafaa wagonjwa ambao chembe za uvimbe wao zina protini ya HER2 kwa wingi, si kila mgonjwa. Lakini kwa wale inaowafaa, tofauti hiyo ya bei ni tofauti kati ya kumaliza matibabu na kuyaacha njiani.

Habari hizi zinapaswa kuandamana na kila mwaliko wa kupimwa. Kumwambia mama aje aangaliwe bila kumweleza atakayemsaidia baadaye ni kumfungulia mlango wa chumba chenye giza.

Njia ipi inafaa?

Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2018, unapendekeza mamogramu kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, na kila baada ya miaka miwili kwa wale wa miaka 56 hadi 74. Wanawake wenye umri mdogo zaidi huchunguzwa kwa mkono na mhudumu aliyefunzwa. Sababu ni kwamba matiti ya vijana yana tishu nzito ambazo huficha uvimbe katika picha ya mamogramu. Inapobidi, altrasaundi hutumika.

Je, kujichunguza nyumbani? Utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai, China, miongoni mwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwandani, na kuchapishwa mwaka wa 2002, ulionyesha kwamba kufundishwa kujichunguza kwa utaratibu maalumu hakukupunguza vifo. Ndiyo maana wataalamu siku hizi husisitiza mwanamke ayajue matiti yake jinsi yalivyo kawaida ili aripoti upesi mabadiliko, badala ya kutegemea kujichunguza peke yake.

Habari ya kutia moyo kwa nchi isiyo na mashine za kutosha ilitoka Mumbai, India. Huko wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hadi 64 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walichunguzwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa kike wa afya ya msingi waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba saratani zao ziligunduliwa katika hatua za awali zaidi na kwamba, miongoni mwa waliotimu miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 upungufu kama huo haukuonekana, jambo linaloonyesha kwamba njia hiyo nayo ina mipaka.

Funzo kwa Uasin Gishu ni dhahiri. Muuguzi wa kike aliyefunzwa vyema katika zahanati ya Ziwa au Burnt Forest anaweza kuokoa maisha hata kabla mashine haijafika, mradi kuwe na njia ya haraka ya kumpeleka Eldoret yule atakayepatikana na uvimbe.

Kenya tayari ina watu wa kuifanya kazi ya kwanza. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao huzuru nyumba hadi nyumba. AMPATH yenyewe ilijifunza wakati wa Ukimwi kwamba watu waliokataa kwenda kupimwa hospitalini walikubali walipofuatwa nyumbani na mtu aliyewaheshimu na kutunza siri zao. Unyanyapaa wa Ukimwi ulipungua pia kwa sababu waliokuwa wakiishi na virusi walisimama hadharani, na kwa sababu dawa zilipatikana bila malipo. Watu walikuwa na sababu ya kutaka kujua.

Kipimo cha mafanikio

Mwaka wa 2021 WHO ilizindua mpango wa kimataifa wa kupambana na saratani ya matiti wenye malengo matatu yanayoeleweka kwa urahisi. Kwanza, angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Pili, mgonjwa apate jibu la uhakika ndani ya siku 60 tangu alipofika hospitalini mara ya kwanza. Tatu, angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu.

Katika malengo hayo, hakuna linalohesabu mahema yaliyosimamishwa wala fulana za waridi zilizogawanywa. Kaunti inayotaka kujua iwapo imefaulu haina budi kuuliza ni wanawake wangapi waliopatikana na uvimbe walirudi, ni siku ngapi zilipita kabla ya kupewa jibu, na ni wangapi walimaliza matibabu.

Huku maswali hayo yakisubiri majibu, yapo mambo ambayo hayahitaji kusubiri kampeni. Mwanamke, wa umri wowote, anayeona uvimbe mpya titini au kwapani, titi lililobadilika umbo au ukubwa, ngozi iliyobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu au majimaji yasiyo ya kawaida kwenye chuchu, au kidonda kisichopona, anapaswa kwenda katika kituo cha afya kilicho karibu naye mapema iwezekanavyo, hata kama hahisi maumivu yoyote. Akiambiwa ni jambo dogo na hali isibadilike, arudi tena na aombe kupelekwa kwenye hospitali ya rufaa.

Na mume anayesoma haya anaweza kufanya jambo moja ambalo halihitaji mashine wala bajeti ya kaunti: kumuuliza mkewe iwapo amewahi kupimwa, na kumpa nauli.